Marseille kwa miguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Bandari ya Zamani na mtaa wa Panier

Kila mgeni anayekuja kututembelea Marseille ananiuliza mambo yaleyale, wengine wananitumia voisi noti usiku wa manane wakiwa bado wanapanga safari, basi nimeyakusanya yote hapa. Ni ya kutembea kwa miguu tu: Vieux-Port yaani Bandari ya Zamani, mtaa wa Panier ulio juu yake, na ukanda wa bahari kuanzia ngome ya Fort Saint-Jean mpaka bandari ya Joliette.

## Kabla hujatoka

Panier ndo wapi hasa, na mbona kila mtu anautaja?

Ukisimama pale barabara kuu ya Canebière inapoishia, uso umeuelekeza kwenye mdomo wa bandari, kile kilima cha mkono wako wa kulia ndo Panier. Neno lenyewe kwa Kifaransa ni kapu. Wenyeji wanasema jina lilitokana na nyumba ya wageni ya zamani iliyokuwa na kibao cha kapu mlangoni.

Unatajwa sana kwa sababu mji ulizaliwa hapo. Mnamo mwaka 600 kabla ya Kristo mabaharia wa Kigiriki kutoka Phocaea, ambayo leo ni Foça pwani ya Uturuki, walitia nanga kwenye hii ghuba wakauita mji Massalia, na hakuna mji Ufaransa nzima unaoupita kwa umri. Hadithi yenyewe ni tamu: binti wa mfalme wa hapa, Gyptis, alikuwa anachagua mume siku hiyohiyo, desturi ni kumpa kikombe cha kinywaji yule aliyempenda, na akakipeleka kwa mgeni Protis aliyekuwa ndo kwanza ameshuka chomboni. Baada ya hapo kwa karne na karne ukawa mtaa wa wavuvi, mabaharia na watu waliokuja na mizigo mabegani, Wakorsika, Waitaliano, baadaye watu wa Algeria na kwingineko.

Inanichukua muda gani?

Nusu siku kama unapita tu, siku nzima kama unataka kukaa, kula, na kuingia angalau jumba moja la makumbusho. Umbali si mkubwa kabisa, kutoka kituo cha metro cha Vieux-Port mpaka Fort Saint-Jean kwa kufuata gati ni kama robo saa ya mwendo wa kawaida, kinachokula muda ni vilima na kusimamasimama.

Nimeshuka treni Saint-Charles, naanzaje?

Usichukue metro. Toka nje uziangalie zile ngazi kubwa, ziko 104, na mji wote uko mbele yako, na juu ya kilima kule mbali unaliona kanisa la Notre-Dame de la Garde. Shuka, nyoosha moja kwa moja mpaka ukutane na Canebière, kata kulia, teremka mpaka uone milingoti. Dakika kumi na tano hadi ishirini, inategemea begi lako.

Nivae viatu gani?

Vya soli yenye kushika. Mawe ya Panier yamesuguliwa na miguu ya watu miaka mingi, yakipata manyunyu tu yanakuwa kama yamepakwa sabuni. Dada yangu alikuja na ndala za kupendeza mwezi wa kumi, tukashuka ngazi za Montée des Accoules baada ya mvua, alishikilia ukuta kwa mikono miwili kutoka juu mpaka chini.

Nije msimu gani, na huo mistral wanaoutaja ni kitu gani?

Mwezi wa nne mpaka wa sita, au wa tisa na wa kumi. Julai na Agosti jua ni kali na vichochoro vinajaa mpaka hupishani na mtu.

Mistral ni upepo wa kaskazini magharibi, unateremka na bonde la mto Rhône mpaka baharini. Unasafisha anga, inakuwa buluu ambayo huwezi kuiona siku nyingine, lakini unavuma kwelikweli na baridi yake inapenya, hata mwezi wa tano beba koti. Ukivuma sana boti za kwenda Château d'If na visiwa vya Frioul zinaweza kusimamishwa, kwa hiyo kama safari ya kisiwani ni muhimu kwako usiiweke siku ya mwisho.

## Gatini

Soko la samaki bado lipo? Saa ngapi?

Lipo, kila asubuhi, pale kichwani mwa bandari kwenye gati la Quai de la Fraternité, ambalo wazee bado wanaliita Quai des Belges. Nenda kuanzia saa mbili asubuhi, ikifika saa saba mchana wanaosha meza. Angalizo kwa waliozoea saa zetu, huku ukiona imeandikwa 8 h maana yake ni hiyo saa mbili, nshaona mtu kafika saa nane mchana akakuta maji na njiwa tu.

Usitegemee soko kubwa. Ni meza chache, kila meza na boti yake imefungwa nyuma, na mara nyingi baba ndo amevua usiku na mama ndo anauza. Kwenye beseni la buluu utaona samaki wekundu wenye miiba wanaitwa rascasse, mikunga, pweza bado anajivuta pembeni ya beseni anataka kutoka, na majira ya baridi kuna urchini wa baharini wanapasuliwa kwa mkasi mbele yako. Nikisimama pale nasikia harufu ya nyumbani Tanga, na jinsi wanavyoitana kwa sauti, yule mama anayemwambia mteja asimbonyeze samaki kama hanunui, ningeweza kufumba macho nisijue niko wapi. Kama hununui simama pembeni kidogo, picha za mikono na samaki hawana shida nazo, picha ya uso omba kwanza.

Tazama na chini pia, kuna bamba la shaba ardhini linalowataja hao mabaharia wa Kigiriki.

Lile paa la kioo ni nini?

Ni kivuli cha chuma kilichong'arishwa, kazi ya mbunifu majengo Norman Foster, kiliwekwa 2013 wakati magari yaliposogezwa na gati wakaachiwa waenda kwa miguu. Ingia chini yake uangalie juu, utajiona kichwa chini pamoja na mji mzima. Watoto wanalala kabisa sakafuni kuangalia.

Kuna namna ya kuvuka bandari bila kuzunguka?

Ipo feri ndogo, inatoka mbele ya jengo la manispaa inakwenda upande wa pili, Place aux Huiles. Urefu wa safari ni kama mita 280, na nauli ni sarafu chache. Ichukue hata kama huna shughuli ng'ambo, maana katikati ya maji ndo utaiona bandari yote ilivyo, ngome mbili mdomoni, kilima cha Panier kulia na cha Notre-Dame kushoto, kisha unarudi.

Mbona nyumba za chini upande wa Panier zinaonekana za juzi tu wakati mtaa unaitwa wa kale?

Hili swali nashukuru kila ninapoulizwa, maana wengi wanapiga picha wanapita. Hapo palikuwa na nyumba kongwe kama za juu, zimebanana mpaka kwenye maji. Januari 1943 Wajerumani waliokuwa wameikalia Marseille, pamoja na polisi wa Ufaransa, waliuzingira mtaa. Watu wapatao 20,000 walitolewa majumbani mwao, wengi wakapelekwa kambini Fréjus, na mamia ya Wayahudi waliokamatwa siku zile waliishia kambi ya mauaji ya Sobibor. Februari majengo karibu 1,500 yakalipuliwa kwa baruti, mtaa hadi mtaa. Hizo nyumba za mawe zilizonyooka unazoziona kando ya gati zilijengwa baada ya vita chini ya mbunifu Fernand Pouillon, na kwa kweli ni nzuri, ila zimesimama juu ya mtaa wa watu.

Vitu vichache viliachwa. Jengo la manispaa la karne ya 17 ni moja. Nyuma yake kuna Maison Diamantée, ukuta wake umechongwa vijiwe vyenye ncha kama almasi. Na kuna Hôtel de Cabre, nyumba ya 1535, ambayo mwaka 1954 waliinyanyua nzima wakaigeuza nyuzi 90 ili iendane na barabara mpya. Ukutani mwake bado pameandikwa jina la mtaa uliokuwa unautazama kabla ya kugeuzwa, mimi huwa nauweka mkono pale kwenye jiwe na kufikiria kwamba nyumba hii imegeuka lakini majirani wake wote wameondoka.

Ukitaka kuuona mpaka wenyewe nenda Rue Caisserie. Upande wa chini ni majengo ya baada ya vita, upande wa juu zinaanza kuta zilizopinda na ngazi. Simama katikati hapo dakika moja. Na chini ya Fort Saint-Jean, ndani ya handaki la saruji walilolijenga Wajerumani wenyewe, kuna kumbukumbu ya waliopelekwa makambini, ukipata nafasi ingia.

## Juu Panier

Napandia wapi?

Mi huwa nawapeleka watu Montée des Accoules, inaanzia hapohapo Rue Caisserie kwenye mnara wa kengele uliobaki peke yake. Ngazi ni pana, zina mapumziko, na ukigeuka nyuma unaiona Notre-Dame imekaa katikati ya nyumba mbili. Ukitokea upande wa Rue de la République kuna Passage de Lorette, unapita chini ya jengo kwenye uwazi mwembamba wenye nguo zimeanikwa juu kabisa, halafu ngazi, hiyo ndo njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu unatoka kwenye barabara pana ya miaka ya 1860 na hatua ishirini baadaye uko kwenye kichochoro.

Ukishafika juu tupa ramani. Mtaa ni mdogo, ukipotea teremka tu, kila mteremko unakufikisha majini au Rue de la République.

Nikiwa na muda wa kuingia sehemu moja tu, niingie wapi?

Vieille Charité. Ilianza kujengwa 1671 kwa michoro ya Pierre Puget, mtoto wa hukuhuku Panier, ikamalizika 1749. Ilikuwa nyumba ya kuwafungia maskini na ombaomba waliokamatwa mitaani, jina ni la huruma lakini kuta za nje hazina madirisha. Ndani ni uwanja na ghorofa tatu za matao ya jiwe la rangi ya waridi na njano kidogo, katikati kanisa dogo lenye kuba kama yai. Karne ya 20 ilichakaa karibu ianguke, mbunifu majengo Le Corbusier akawa mmoja wa waliopiga kelele, na ukarabati ukamalizika 1986. Uwanjani unaingia bure. Kaa chini ya tao la ghorofa ya pili kwenye saa kumi jioni, jua likianza kulala zile kuta zinabadilika rangi ukiziangalia.

Kuna watu wanaishi pale au ni utalii tu?

Wanaishi, na ndo naomba mlikumbuke hilo. Wenye nyumba wengi wamegeuza kuwa za kupangisha wageni kwa siku, kodi zimepanda, waliozaliwa pale wanahama mmojammoja. Anayebaki ana mtoto amelala nyuma ya lile dirisha unalolipiga picha. Ongea kwa sauti ya chini usiku, usikalie ngazi ya mlango wa mtu, na sema bonjour kabla hujauliza chochote, kwa mzee yeyote aliyekaa nje, bila hiyo salamu hata ukiuliza njia utajibiwa kwa mkato. Mtu wa pwani hili halimpi shida.

Nina mama mtu mzima, magoti hayataki ngazi, au nina mtoto kwenye kigari?

Gati lote ni tambarare, raha tupu. Fort Saint-Jean usiipande kwa ngazi, zunguka mpaka Mucem, lile jumba la makumbusho kando ya bahari, lina lifti mpaka juu ya paa, kutoka hapo daraja la waenda kwa miguu linakuvusha ngomeni na daraja la pili linakutoa mpaka kanisa la Saint-Laurent, mlangoni kabisa mwa Panier. Mama yangu mwenyewe nimempitisha hivyo akiwa na mkongojo. Ndani ya Panier kwenyewe kuna miteremko na mawe, hapo pole pole, na metro usiitegemee sana maana si kila kituo kina lifti.

## Ukanda wa bahari

Mucem lazima nilipe?

Maonyesho unalipia, lakini paa, bustani za ngome na madaraja yote mawili ni bure. Jengo lilifunguliwa Juni 2013, mbunifu ni Rudy Ricciotti, limevalishwa saruji iliyotobolewa kama wavu wa kuvulia, na ukipita kwenye njia inayozunguka kati ya kioo na huo wavu vivuli vinakuchora mwili mzima. Daraja la kwenda ngomeni lina mita 115, ni jembamba, halina nguzo, chini yake ni maji. Siku ya mistral shika kofia. Jumanne wanafunga.

Lile kanisa la mistari ni la zamani?

La Major si la zamani sana, lilianza 1852 likamalizika 1893. La zamani ni lile dogo lililobanwa ubavuni mwake, walilikata sehemu ili hili kubwa lipate nafasi.

Nikiendelea mbele kuna nini?

Joliette, bandari iliyojengwa karne ya 19 meli za moshi zilipokuwa kubwa kuliko ghuba ya zamani. Angalia ghala refu la Les Docks, wenyeji wanakwambia limefuata kalenda, mita 365 za urefu, milango 52, ghorofa 7, nyua 4. Leo ni ofisi na maduka. Kwangu mimi sehemu hii ina uzito wa peke yake, na sababu iko kwenye swali la Kiswahili huko chini.

Notre-Dame de la Garde naweza kupanda kwa miguu?

Unaweza, ni karibu mita 150 juu ya bahari na mteremko haukuhurumii, mwenye haraka apande basi namba 60 kutoka bandarini halafu ashuke kwa miguu. Ndani kumening'inia vijimeli vya mbao na kuta zimejaa vibao vya shukrani vya watu waliookoka baharini. Nje tafuta alama za risasi kwenye mawe: Agosti 1944 waliopigana kukikomboa kilima hiki walikuwa askari wa Algeria.

## Tumbo

Bouillabaisse ni lazima?

Si lazima, na ya kweli ni ghali. Inaletwa mara mbili, kwanza supu na mkate uliopakwa rouille, mchuzi mzito wa kitunguu saumu na zafarani, halafu samaki wenyewe wazima, aina kadhaa. Ukiona inauzwa bei ya chipsi kwenye ubao wa gatini, hiyo ni supu ya samaki tu, ambayo nayo ni tamu, ila ijue jina lake.

Basi nile nini cha bei nafuu?

Panisse. Unga wa dengu unasongwa, unaachwa ugande, unakatwa vipande na kukaangwa, ukishakula bagia za nyumbani utajua mnatoka ukoo mmoja. Pia navette, biskuti ngumu ya umbo la mtumbwi yenye harufu ya maua ya mchungwa, upande wa abasia ya Saint-Victor kuna tanuri linalozioka tangu 1781, na kila tarehe 2 Februari watu wanapanga foleni kuzinunua.

Chakula cha halali napata wapi?

Mtaa wa Noailles, dakika tano kutoka bandarini, kulia ukiwa unapanda Canebière. Soko la Capucins lina binzari, mihogo, ndizi za kupika, bamia, mikate ya kila aina, na bucha za halali hazihesabiki. Ukipanda Rue d'Aubagne utakuta uwanja unaoitwa Place du 5 novembre 2018. Siku hiyo nyumba mbili za mtaa huu zilianguka zikaua watu 8, wakazi walikuwa wameshalalamika kuhusu nyufa. Picha zao na maua yapo. Pita taratibu.

## Mengineyo

Ni salama kweli? Nimesikia mabaya.

Mchana maeneo yote niliyoyataja natembea na wanangu bila wasiwasi. Tatizo ni wezi wa mifukoni na simu, hasa Noailles, kituo cha Saint-Charles na gatini kukiwa na umati. Mimi yangu ilichukuliwa juu ya meza ya mgahawa, nilikuwa nimeiweka pembeni ya kikombe, kijana kaja na karatasi ya kuomba saini akaiweka juu ya simu, alipoondoka na karatasi simu nayo haipo. Kwa hiyo mezani usiweke kitu.

Nimekuja na meli ya utalii, natembea mpaka mjini?

Hapana, gati la meli kubwa liko mbali na njia yake ni ya malori. Kwa kawaida kuna basi la kukuleta mpaka Joliette, shuka hapo, anza na La Major na Mucem, yaani fuata ukurasa huu kinyumenyume.

Mvua ikinyesha, au nikifika Jumatatu?

Jumatatu majumba ya makumbusho ya manispaa yamefungwa lakini Mucem iko wazi. Mvua ikinyesha nenda jumba la historia ya mji, limeungana na duka kubwa la Centre Bourse. Walipochimba msingi wa hayo maduka mwaka 1967 wakakutana na bandari ya Wagiriki na Warumi, kuta na gati la mawe, vimebaki hapo nje kwenye bustani. Maji yalikuwa yanafika mpaka pale.

Nitapata mtu wa kuongea naye Kiswahili?

Kiswahili chenyewe mara chache, lakini Marseille ina Wakomoro makumi ya maelfu, na lugha yao ni ndugu wa damu wa yetu. Wa mwanzo wengi walikuwa mabaharia kwenye meli za Messageries Maritimes, zilizokuwa zinatoka hapo Joliette, zinapita Suez na kushuka pwani yetu mpaka Komoro na Madagaska, wakafanya kazi chini kwenye mashine, wakashuka Marseille, wakaleta familia.

Wiki yangu ya kwanza hapa nilinunua sambusa Noailles kwa mama mmoja aliyejifunga shiromani. Nikampa hela, akaniambia marahaba. Nikashangaa, mbona anaitikia shikamoo ambayo sijaitoa, nikajiona sina adabu, nikainama haraka nikamwambia shikamoo mama. Akacheka, akaniuliza kwa lugha yake natoka wapi, na nikamwelewa. Kumbe kwao marahaba ni asante. Siku hizi nikipita asubuhi ananiita kutoka ng'ambo ya barabara, na ukifika ukamwambia umetumwa na mtu wa Tanga atakuongezea moja.